Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: wazee wanaotetemeka nao wahesabiwe

Daktari,

Baba yangu amelima viazi Umalila zaidi ya miaka thelathini, bomba la dawa mgongoni, bila glavu wala barakoa. Mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka, zahanatini tuliambiwa ni uzee. Miaka mitatu ikapita, tukawa tunamjazia chai nusu kikombe. Kisha daktari mmoja akamwambia akunje na kukunjua vidole, akamtazama anavyotembea, akasema ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili. Hakutumia mashine yoyote.

Tangu siku hiyo nasoma. Kumbe kila seli ina kazi yake ya usafi: vipande vilivyochakaa hufungwa kwenye vifuko, hupelekwa kwenye lisosomu, kinu cha taka ndani ya seli, vikasagwa, na kinachofaa hutumika tena. Yoshinori Ohsumi wa Japani aliifuatilia kazi hiyo kwenye hamira, hii hii tunayoumulia maandazi, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Miaka kumi kabla ya hapo, watafiti wa Japani walikuwa wamezima usafi huo katika seli za neva za panya. Taka za protini zikarundikana, panya wakaanza kuyumba. Seli ya ngozi ikigawanyika, hata uchafu wake hugawanyika. Seli ya ubongo haina bahati hiyo, huzeeka na taka zake. Kwa wagonjwa kama baba, inayorundikana ni protini iitwayo alfa-sinukleini.

Uingereza sasa wanaijaribu ambroxol, dawa ya kikohozi, waone kama itaisaidia lisosomu kufanya kazi. (Jamani, msikimbilie duka la dawa. Bado ni majaribio.)

Daktari, wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwatafuta wagonjwa wa Parkinson majumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Mbeya tuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kilichobobea katika Ukimwi na kifua kikuu. Naomba ofisi yako ikae nao, kisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapite vijijini wakiuliza: mkono unatetemeka? Hatua zimekuwa fupi? Umepulizia dawa gani shambani, kwa miaka mingapi?

Hilo la mwisho lisirukwe. Tafiti za wakulima nchi za nje zimeihusisha paraquat, dawa ya kuua magugu, na Parkinson, na Umoja wa Ulaya hauiruhusu tangu 2007. Baba hakumbuki majina ya dawa alizopulizia, na madumu yake tuliyageuza ya kuchotea maji. Sisemi ndizo zilizomponza. Nasema hakuna aliyewahi kumuuliza.

Halafu kuna levodopa, dawa ya Parkinson anayotumia baba. WHO imeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, ila sisi tunaagiza Dar es Salaam, inakuja kwa basi. Ikichelewa, baba hawezi kufunga vifungo vya shati. Iliyopo nyumbani inaisha Ijumaa ijayo.

Mtoto wa mkulima, Umalila