Programu haiwezi kuhisi pengo lako

Mhariri,

Tangu dada yangu afariki mwaka jana, binti yake huzungumza usiku na programu ya akili bandia kwenye simu. "Mjomba, hii haichoki kunisikiliza," aliniambia. Sikumkemea. Saa nane usiku sisi wengine tumelala, na Hospitali ya Butabika, ya magonjwa ya akili, iko mbali, kule Kampala.

Lakini nakataa kuuita huo uhusiano wa tiba. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza ELIZA, programu iliyomrudishia mtu maneno yake kwa sura ya swali. Katibu wake, aliyeiona ikiundwa, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani. Faraja ile naamini ilikuwa ya kweli. Msikilizaji ndiye hakuwepo.

Sisi hapa Uganda tuna mfano wetu. Katika vijiji vya Rakai na Masaka watu wenye sonona walikutana kila wiki katika vikundi, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha dalili zao zilipungua kuliko za wale wasiokuwa kwenye vikundi. Katika kikundi kama hicho usipofika kuna atakayeuliza uko wapi, labda hata abishe hodi kwako. Simu haihisi pengo la mtu.

Naomba viongozi wa wilaya yetu waanzishe vikundi hivyo huku Busia. Binti wa dada yangu nitamsindikiza mwenyewe siku ya kwanza.

Mwalimu mstaafu,
Busia, Uganda