Barua kwa mwanangu anayesomea udaktari

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema anatomia imekushinda kwa kuwa wewe ni mtu wa kujifunza kwa kusikia, na mhadhiri wenu hufundisha kwa michoro. Eti dodoso ndilo lililokuambia hivyo.

Bila shaka ni lile la VARK, alilolibuni Neil Fleming huko Nyuzilandi mwaka 1987, linalowagawa watu katika wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda. Si vibaya kujua unachokipenda. Ila mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walizipitia tafiti zilizokuwapo, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba mwanafunzi akifundishwa kwa mtindo wake hufaulu zaidi. Tena hebu jiulize: eksirei utaisomaje bila kutazama? Tumbo lililovimba utalipimaje bila kulibonyeza? Moyo je, bila kuusikiliza? Kazi uliyoichagua inakutaka mzima, macho, masikio na mikono.

Kinachonikosesha raha hasa ni hizo kurasa unazozirudia hadi usiku wa manane, ukizipiga mistari ya rangi. Ukurasa ukishauzoea, unadhani umeuelewa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini wasome. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakaambiwa waandike wanachokumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Hiyo ni wiki moja tu, mwanangu. Wewe neva unazozisoma, yaani mishipa ya fahamu, utazihitaji miaka mingi ijayo, mgonjwa akiwa amelala mbele yako.

Basi funga daftari. Chukua karatasi tupu, chora neva za mkono kutoka kichwani mwako, ndipo ufungue uone ulipokwama. Ziache siku chache, uzirudie. Utahangaika kukumbuka, na utaona kama hujui kitu; usikate tamaa, huko kuhangaika ndiko kunakozikaza kichwani. Usingizi nao usiuibie, maana ubongo huimarisha kumbukumbu mtu akiwa amelala.

Na kwenye kundi lenu la majadiliano, acha kukaa pembeni ukinakili wanayosema wenzako. Uliza. Jibu hata kama huna hakika. Sasa hivi ukikosea haumii mtu, na mwenzako atakusahihisha papo hapo.

Jumapili nitakupigia simu. Sitakuuliza umesoma kurasa ngapi. Utanieleza damu inavyoingia moyoni na inavyotoka, chumba kwa chumba, vali kwa vali, daftari likiwa limefungwa. Mimi sikusomea udaktari, kwa hiyo jiandae, nitakukatiza kila nisipoelewa.

Nakupenda sana.

Mama yako