Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tamko Letu Kuhusu Msongamano wa Gridi, Mahudhurio na Ada

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Kamati tendaji ilikutana mara 6, mihadhara ilifanyika 4, wanachama wapya 5 waliandikishwa na 3 wakajitoa, na ziara ya kituo cha kuongozea gridi ilifanyika kama ilivyopangwa, isipokuwa basi lilichelewa. Mambo hayo mnayafahamu, hasa wale 14 wanaohudhuria bila kukosa, kwa hiyo sitawachosha nayo.

Jambo linalonilazimu kueleza kwa kirefu ni tamko ambalo kamati iliwasilisha kwa mamlaka ya udhibiti, kwa saini yangu, likiunga mkono bei ya umeme inayokokotolewa kwa kila nodi ya gridi, yaani kila kituo ambako laini hukutana na umeme huingia au kutoka, badala ya bei moja kwa soko zima. Nimelaumiwa kwamba nilikisemea chama bila ridhaa yake. Rasimu ilitumwa kwa wanachama wote ikiwa na muda wa siku 21 wa kutoa maoni; yalirudi maoni 4, na 2 kati ya hayo yalihusu tahajia. Mkutano maalumu ulioitishwa kuijadili ulikosa akidi, na wapo waliokuwa wa kwanza kulalamika baadaye ambao majina yao hayamo katika daftari la mahudhurio la siku hiyo. Tarehe ya mwisho ya mamlaka haikuwa ya kutusubiri sisi.

Nikirudi kwenye hoja yenyewe, soko la ushindani linapoachiwa kupanga nani azalishe umeme, hukusanya ofa za bei nafuu kwanza, lakini umeme hausafiri kwa kufuata mikataba ya wauzaji na wanunuzi. Hugawanyika katika njia zote zilizo wazi kulingana na ukinzani wa kila njia, kiasi kwamba katika gridi ya nodi tatu zilizounganishwa kwa laini zinazolingana, theluthi moja ya umeme unaouzwa kutoka nodi ya kwanza kwenda ya tatu hupitia ya pili, hata kama mwenye nodi ya pili hakushirikishwa katika biashara hiyo. Aidha, laini haijazwi hadi ukomo wake, kwa kuwa mfumo lazima uhimili kukatika kwa kifaa chochote kimoja bila vingine kuelemewa. Kwa hiyo laini inayoonekana kuwa na nafasi inaweza kuwa imekwisha kufikia kikomo kinachoruhusiwa, hali tunayoiita msongamano, na mtu aliyezoea kusoma mikataba peke yake huona kama mwendeshaji wa gridi anamwonea.

Katika mhadhara wa tatu nilichora ubaoni mfano nilioubuni mwenyewe, ingawa kumbukumbu zimeuandika kuwa wa kamati. Nodi A ina mtambo unaozalisha kwa gharama ya 20 kwa kila megawati-saa, nodi B ina mtambo wa 50, mahitaji yote ya megawati 600 yako B, na laini inayoziunganisha inabeba megawati 400 tu. Kwa bei ya kila nodi, A huzalisha 400 na kulipwa 20, B huzalisha 200 na kulipwa 50, na wanunuzi wote walioko B hulipa 50. Chaki ikiwa bado mkononi mwangu, mwenzetu mmoja ambaye ni mfanyabiashara wa umeme alisimama akaonyesha kwamba wanunuzi wamelipa 30,000 kwa saa hiyo ilhali wazalishaji wamepokea 18,000, akauliza ile 12,000 imeingia mfuko wa nani. Ukumbi ulicheka, na nadhani wengi waliondoka na kicheko hicho bila kusikia jibu.

Jibu ni kwamba 12,000 ni thamani ya nafasi katika laini, yaani megawati 400 mara tofauti ya bei ya 30, na aya ya nne ya tamko letu inapendekeza wazi irudishwe kwa wanunuzi wanaougharamia mtandao, kwa njia ya haki za kifedha za usafirishaji, yaani hati zinazompa mwenye nazo malipo yatokanayo na tofauti ya bei kati ya nodi mbili. Ikirudishwa, wanabaki wamelipa 18,000. Kwa bei moja nako wangelipa 20 kwa megawati zote 600, yaani 12,000, halafu mwendeshaji angelazimika kumpunguza A megawati 200 na kumpandisha B megawati 200 kwa gharama halisi ya 6,000 inayogawanywa kwa wote, jumla ikiwa 18,000 ileile. Tofauti ni kwamba chini ya bei moja A hujifunza kutoa ofa kwa umeme anaojua hautapita, ili anufaike na malipo ya kupunguzwa, na mwekezaji mpya haoni sababu ya kwenda kujenga B.

Mifano ipo. Gridi ya PJM ya Marekani ilijaribu bei moja mwaka 1997, msongamano ukaishinda, ikaanza bei za nodi Aprili 1998. California iliacha kanda za bei, yaani maeneo makubwa ambayo kila moja lina bei yake moja, ikahamia bei za nodi Aprili 2009, na Texas Desemba 2010. Uswidi iligawanywa kanda 4 Novemba 2011, na Ujerumani na Austria zilitenganishwa kibei Oktoba 2018. Wapinzani wamenikumbusha, na ni haki yao, kwamba Uingereza ilikataa bei za kikanda Julai 2025. Hata hivyo uamuzi huo haukuongeza laini kati ya Scotland na kusini, ambako hadi sasa mashamba ya upepo hulipwa yapunguze huku mitambo ya gesi ikilipwa iongeze.

Nakiri dosari moja. Tamko liligusa kwa sentensi moja tu suala la mtambo ulio peke yake nyuma ya laini iliyosongamana, ambao usipowekewa ukomo wa ofa unaweza kudai bei unayotaka. Sentensi hiyo ilikuwa ndefu zaidi katika rasimu yangu. Ilifupishwa na kamati ndogo ya uhariri.

Kuhusu fedha, kati ya wanachama 64 walioko daftarini, 23 wamelipa ada ya mwaka huu, 19 wanadaiwa mwaka mmoja, na 22 wanadaiwa miaka miwili au zaidi, wakiwemo 3 waliotia saini barua ya kunipinga. Mweka hazina amewaandikia mara 3. Uchapaji wa tamko na kodi ya ukumbi wa mkutano maalumu uliokosa akidi nilivilipia kwanza kutoka mfukoni mwangu, na stakabadhi zimewasilishwa.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia, hali ikiruhusu, kuandaa warsha juu ya ugawaji wa haki za usafirishaji, kuangalia uwezekano wa kupata programu ya kukokotoa mtiririko wa umeme kwa matumizi ya mafunzo, na kuendelea kufuatilia majibu ya mamlaka, ambayo bado hayajafika.

Naomba kuwasilisha.