Wasio na makao wapewe chumba kabla ya kudaiwa kuacha unga

Mhariri,

Kila mjadala wa mihadarati unapozuka hapa Malindi huishia palepale: polisi wavamie maskani, na vijana wapelekwe katika vituo vya kurekebisha tabia. Naomba nafasi katika gazeti lako nitaje jambo linalosahauliwa, nalo ni mahali anapolala mtu huyo kabla ya kutibiwa na baada yake.

Si haki kudai kwamba hakuna lililofanywa. Kenya ilianza kutoa methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa unga (heroini) badala ya unga wenyewe, katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na mapema 2015 Malindi ikafuata, kabla ya miji iliyo mikubwa kuliko wetu. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, nayo humwondolea mtu arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, akaweza kufanya kazi. Lakini ratiba ya kila siku inamfaa anayejua ataamkia wapi. Aliyelala barazani pa duka akafukuzwa usiku wa manane, au aliyezolewa katika msako, hukosa dozi. Na akikosa siku kadhaa mfululizo, ni hatari kumrudishia kipimo chake cha awali papo hapo, hivyo huanzishwa upya kwa kiasi kidogo huku muuza kete akimngojea kichochoroni. Mwenye maradhi ya akili hali yake ni ngumu zaidi, maana hata vidonge vyake huibwa pamoja na mfuko alioulalia.

Desturi yetu ni kumtaka kwanza aache, ndipo jamaa zake wamfungulie mlango na mwenye nyumba akubali kumpangisha. Mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliugeuza utaratibu huo jijini New York mwaka 1992, akawapa watu nyumba bila kuwashurutisha waache ulevi wala wakubali matibabu. Kanada nayo, kati ya 2009 na 2013, iliujaribu mpango huo katika miji mitano kwa watu zaidi ya 2,000 wasio na makao wenye maradhi ya akili, wengi wao wakitumia pombe au mihadarati. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika miezi sita ya mwisho ya utafiti, asilimia 62 ya waliopewa nyumba walikuwa na makao muda wote, ilhali miongoni mwa walioachiwa huduma za kawaida walikuwa asilimia 31.

Wapinzani wana hoja moja ya kweli, nami siifichi: utumiaji wa mihadarati haukupungua katika kundi lililopewa nyumba kupita ulivyopungua katika kundi jingine. Nyumba haitibu uraibu. Hata hivyo, hofu kwamba mtu akipewa chumba bila masharti atazama zaidi katika ulevi haikuthibitishwa, na hofu hiyo ndiyo inayotumiwa hapa kwetu kuwanyima watu paa.

Najua Malindi si Toronto ya Kanada, na ruzuku ya kodi ya nyumba kama ya kule hatuna. Tulicho nacho ni vyumba vya kupanga Maweni na Kisumu Ndogo, maafisa wa ustawi wa jamii, na serikali ya kaunti ambayo ndiyo yenye dhamana ya afya. Naiomba Kaunti ya Kilifi itenge fedha za kuwalipia kodi wagonjwa wachache wa methadoni wanaolala nje, imdhamini mpangaji mbele ya mwenye nyumba iwapo kutatokea uharibifu, na iwaachie sharti moja tu, la kuonana na afisa wa ustawi mara moja kwa wiki.

Watafiti nao wawekwe ndani ya mpango huo tangu siku ya kwanza, ili waweze kulinganisha mahudhurio ya kliniki ya waliopata chumba na ya waliokosa. Vijana wa maskani wamejaza madodoso mpaka wanayajua maswali kabla hayajaulizwa (wengine huwasahihisha wauliza), lakini majibu yakishachukuliwa hawayaoni tena. Safari hii matokeo yasomwe hadharani, kwa Kiswahili, nao wakiwepo.

Wako,
Mfanyakazi wa jamii, Shela, Malindi