Zhentarim hawajaokoka, wamebadilisha wateja

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu vijana wa Kisumu na Nakuru wanaocheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons iliwataja Zhentarim, kundi la wafanyabiashara na wahalifu ndani ya mchezo huo, kuwa wabaya waliosafishwa ili mchezaji ajiunge nao bila dhamiri kumsuta. Sisi tunaosimamia meza za mchezo huo hapa Kisumu, yaani tunaosimulia hadithi wachezaji wakiigiza wahusika wao, tunakubali kwamba kundi hilo limebadilika. Kwamba limetakaswa, hapana.

Ulimwengu wa kubuni wa Forgotten Realms, ambamo kundi hilo linaishi, ulipotolewa kama seti ya mchezo mwaka 1987, Zhentarim walikuwa maadui, basi. Mchawi Manshoon aliwaanzisha mwaka 1261 kwa kalenda ya huko, ngome yao ikiwa Zhentil Keep kando ya bahari ya Moonsea, na kuhani Fzoul Chembryl akawaunganisha na ibada ya Bane, mungu wa udhalimu. Hata hivyo walichokuwa wakikitafuta ni njia ya misafara: kutoka Moonsea, kukata jangwa la Anauroch, hadi nchi za magharibi. Ngome ya Darkhold waliishikilia kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo biashara haikuletwa juzi na waandishi waliotaka kuwapendezesha. Ilikuwapo siku zote, ila mchezaji alikutana nayo akiwa upande wa kuporwa.

Baadaye ngome ikabomolewa, Manshoon akauawa, nakala zake za kichawi zikaamka kwa pamoja na kuanza kuuana. Waliobaki wakawa askari wa kukodiwa, wachuuzi na wezi. Kanuni za 2014 zikawaorodhesha na makundi mengine manne ambayo mchezaji anaweza kuyatumikia: Harpers, Order of the Gauntlet, Emerald Enclave na Lords' Alliance. Katika michezo iliyoandaliwa rasmi wakati huo, mhusika mwovu alikubaliwa tu akiwa mwovu anayeshika sheria, tena awe wa Zhentarim au wa Lords' Alliance. Mwandishi wenu angeitazama hiyo ruhusa ya pili. Lords' Alliance ni muungano wa watawala wa miji kama Waterdeep na Neverwinter, na hakuna anayeuliza kama wao wamesafishwa.

Kwa kanuni hizo za 2014, kupanda cheo ni hesabu. Kusukuma mbele maslahi ya kundi kunakupa pointi 1, kutimiza kazi uliyotumwa rasmi pointi 2. Ukifikisha 3 unatoka Fang na kuwa Wolf, 10 Viper, 25 Ardragon, 50 Dread Lord, vyeo vya juu vikidai pia ngazi ya mhusika. Hesabu hiyo ni moja kwa makundi yote matano. Tofauti iko kwa anayetuma, na ananunua nini kwa jasho lako.

(Anayetarajia kucheza kampeni, yaani hadithi ndefu ya vikao vingi, ya Waterdeep iliyotoka 2018 airuke aya hii.) Humo Zhentarim ni makundi mawili katika mji mmoja. Davil Starsong na wenzake wa Doom Raiders wanaweza kuwaajiri wachezaji. Manshoon, au anayejiita hivyo, ni mmoja wa maadui wakuu wanne wanaowania dhahabu 500,000 iliyofichwa, na ndiye anayekuwa adui ikiwa msimamizi atachagua hadithi itokee majira ya baridi. Skeemo Weirdbottle anakula na kundi la kwanza huku akimtumikia Manshoon. Tungesema ndiyo kazi bora kabisa iliyofanywa juu ya kundi hili, kwa sababu haimwambii mchezaji nani mwema. Inamwonyesha tu nani anamlipa leo.

Wapi basi wasimamizi wanaharibu? Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumpa kila Zhent, yaani mwanachama wa Zhentarim, historia ya utoto wenye machozi. Baada ya vikao viwili wachezaji wanawahurumia, na kundi limekufa. Mpeni mchezaji deni badala ya machozi. Katika kampeni hiyo Istrid Horn ni mkopeshaji, na kila aliyewahi kuingia mikononi mwa shailoki anaelewa jinsi mtu anavyoweza kuwa mchangamfu na hatari kwa pumzi moja.

Sisi tunapendekeza hivi. Wahusika wanne wa ngazi ya kwanza wanataka dawa ya kuponya, chupa moja kila mmoja, nayo kwa bei ya kitabu ni vipande 50 vya dhahabu. Wakopesheni 200. Riba iwe 20 kila siku 10, kwani wiki ya huko ina siku 10, na riba isizae riba, la sivyo mtashinda mkipiga hesabu. Baada ya siku 30 deni ni 260. Hapo mkopeshaji anajitolea kufuta riba kwa kazi ndogo: kupeleka sanduku bila kulifungua. Kazi ya pili imuumize mtu wasiyemwona. Ya tatu imguse mtu wanayemjua kwa jina, mwenye nyumba wao kwa mfano.

Kubembeleza kwa dadu kuwe na mipaka. Mchezaji akifikisha jumla ya 15 kwa dadu ya pande 20, aongezewe siku 10. Akifikisha 20, riba ipungue nusu. Mtaji usifutwe kwa maneno, hata dadu ikitua 20 juu, kwa sababu deni likiisha kwa kicheko kimoja hakuna aliyelazimika kuchagua. Ila mlango wa kutokea uwepo: anayeleta pesa taslimu zote apokewe, apewe risiti na asifuatwe. Tumeona meza ambako mlango huo ulifungwa. Wachezaji walichomoa panga katika kikao kilekile, Zhentarim wakarudi kuwa maadui wa 1987, na mjadala wote ukaishia hapo.

Paladini, shujaa mtakatifu anayefungwa na kiapo, naye ni shughuli ya peke yake. Aambiwe kabla ya kikao cha kwanza kwamba kundi litakopa, aamue kama kiapo chake kinamruhusu kugusa pesa hiyo. Akikataa, chupa ziwe tatu na deni lianze 150, jina lake lisiandikwe kwenye daftari. Kazi ya tatu ikija, yeye peke yake ndiye hana anachodaiwa, na wenzake watatu watataka kujua atasimama upande gani.

Wasimamizi wa michezo ya mezani,
Kisumu