Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: tupe Jumamosi za kipupwe

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima wa afya. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli moja ya sekondari hapa mjini, na jioni nasimamia kikundi cha vijana wa maigizo. Nina ombi moja, nalitaja mwanzo usije ukasumbuka kulitafuta: kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, kila Jumamosi usiku, jukwaa la Ngome Kongwe liwekewe tamthilia ya Kiswahili. Ni Jumamosi kumi na tatu, mwaka mwengine kumi na nne. Siku zilizobaki zote tunawaachia wengine.

Nimechagua miezi hiyo kwa sababu. Masika yamekwisha, upepo wa kusi unavuma, usiku una kibaridi cha kumfanya mtu atake kukaa nje na mwenzake. Maghribi inaingia mapema, kiasi cha saa kumi na mbili na robo, na isha haifiki saa mbili. Mchezo ukianza saa mbili na robo, wa kusali ameshasali, wa kutoka Ng'ambo kwa miguu ameshafika, na saa nne kila mtu yuko njiani kurudi kwao. Tena kalenda iko upande wetu. Katikati ya miaka ya 2010 Ramadhani iliangukia Juni na Julai, na hakuna mwenye akili zake ambaye angepanga maonyesho ya usiku wakati watu wako katika tarawehe. Lakini Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Imeshafika Februari, na itapita miaka zaidi ya kumi kabla haijaigusa tena Agosti. Kitu pekee cha kuangalia ni Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, ambao miaka hii unaingia Agosti. Usiku wa Maulidi tutafunga, hilo halina mjadala.

Sasa tazama kilichopo mjini miezi hiyo. Lipo Tamasha la Nchi za Majahazi, tunaliita ZIFF, ambalo tangu 1998 limetuletea filamu, na wengi wetu tulikaa juu ya ngazi za mawe za Ngome Kongwe mara ya kwanza kwa ajili yake. Iko Mwaka Kogwa kule Makunduchi mwezi wa Julai, wanaume wakipigana kwa vigogo vya migomba, wanawake wakiimba, kibanda kikitiwa moto, mchezo mkubwa wa jukwaani usiokuwa na jukwaa. Sauti za Busara, iliyoanza 2004, ni ya Februari, na ni ya muziki. Zipo ngoma za hoteli, ambapo vijana wetu wanacheza robo saa pembeni ya meza za chakula, wakiitwa kati ya supu na samaki. Siwalaumu, wanatafuta riziki. Lakini mkaazi wa Kikwajuni au Kwahani anayetaka kujua Jumamosi hii kuna mchezo gani wa kuigiza hana pa kuuliza, kwa sababu jibu mara nyingi ni kwamba hakuna.

Si kwamba watu hawataki. Mwaka jana tuliigiza kwa wazee wa wanafunzi, katika ukumbi wa skuli, mabenchi yamebanana, feni moja inazunguka na nyengine imekufa. Mchezo wenyewe vijana waliutunga: mume anaficha kwamba ameoa mke wa pili Pemba. Alipoanza kumuapia mkewe kwamba safari zake ni za biashara ya karafuu, bibi mmoja aliyekaa safu ya mbele akashindwa kujizuia: "Muongo huyo, usimsikilize!" Muigizaji wangu, kijana wa miaka kumi na saba, hakupotea hata kidogo. Akamgeukia taratibu, akamwambia, "Bibi, kwani na wewe ulikuwepo Wete?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bibi naye hakukubali kushindwa, akamjibu kwamba karafuu msimu wake haujafika, anavuna nini huko? Hilo halikuwemo katika maandishi, na vijana wangu walilipenda mno hata wakaliingiza.

Ndiyo maana husikitika nikisikia watu wanasema maigizo ni kitu cha kigeni, kwamba Mzanzibari ni mtu wa taarab tu. Pemba wana kibati, ngoma ambayo watu wanajibizana kwa maneno ya papo kwa papo huku ngoma ikienda mbio na waitikiaji wakidakia. Ukiondoa vipaza sauti na pazia, maigizo ni nini zaidi ya hayo? Na katika taarab yenyewe hadhira haikai kimya. Mtu anasimama, anakwenda mbele kwa maringo, anamtunza muimbaji katika ubeti ule ule unaomgusa jirani yake, na kila mmoja ukumbini anajua ujumbe umekwenda kwa nani. Hadhira ya namna hiyo waigizaji wa nchi nyengine wangeililia.

Waandishi pia tunao. Tamthilia ya Said Ahmed Mohamed, Kitumbua Kimeingia Mchanga, iliwahi kuwa kitabu cha kutahiniwa katika sekondari za Kenya. Farouk Topan, aliyezaliwa hapa hapa Unguja, alitoa tamthilia zake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanafunzi wangu wanaweza kukuandikia ukurasa mzima juu ya dhamira na wahusika wa tamthilia. Wanayajua maelekezo ya jukwaani kwa moyo, taa zinazimika, mhusika anatoka kulia, na wengi wao hawajawahi kuziona taa zikizimika wala mtu akitoka kulia. Tunawafundisha kuogelea ubaoni, Mheshimiwa, na bahari iko mita mia mbili.

Kinachotukwamisha ni mahali, na bei ya mahali. Tulipokwenda kuulizia ukumbi mmoja wa umma, sitoutaja, tulipokewa vizuri, tukakaribishwa viti, kisha tukaambiwa bei ni ile ile anayolipa mwenye harusi. Mwenye harusi analipa mara moja katika umri wake, na ana wajomba wa kumchangia. Sisi tulitaka usiku wanne. Kwengine tulipewa tarehe, tukabandika matangazo, kisha siku mbili kabla tukaarifiwa kwamba nafasi imechukuliwa kwa chakula cha usiku cha wageni wa kampuni. Hakuna aliyetukosea adabu. Ni kwamba hakuna karatasi yoyote inayosema maigizo yana haki ya siku fulani, kwa hiyo siku zote ndiyo yanayohamishwa.

Na hapa ndipo penye hoja yangu yote. Katika vyama vya taarab, Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Vipaji vilisaidia, lakini vyama hivi vilidumu pia kwa kuwa vina majumba yao, na mtu anajua aende wapi akitaka kusikiliza mazoezi. Vikundi vya maigizo vinazaliwa mwezi wa kwanza na kufa wa sita, kwa sababu vinafanyia mazoezi onyesho lisilokuwa na tarehe. Kijana anaweza kuvumilia kutolipwa. Kutojua anafanya mazoezi kwa ajili ya siku gani hakumvumilishi mtu.

Wenzetu walianza na kidogo kuliko tulicho nacho. Avignon ni mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1947 muongozaji wa michezo Jean Vilar alipeleka michezo mitatu pale, mmoja akauweka katika ua wa Kasri la Mapapa, jengo la mawe la karne ya 14 lililokuwa halina jukwaa la maana. Leo kila Julai mji ule unajaa waigizaji mpaka vichochoroni, na wageni wanapanga safari zao kwa kufuata ratiba ya michezo. New York wana jukwaa la wazi ndani ya bustani ya Central Park tangu 1962, na tiketi zake ni bure, watu wanapanga foleni tangu asubuhi. Sisi ngome tunayo, jukwaa la duara lenye ngazi za mawe tunalo, na bahari iko mbele ya mlango. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba, na miezi ya kipupwe ni miezi yao mikubwa. Jioni wanazunguka Forodhani na sahani ya urojo mkononi, wakishamaliza kula hawajui waende wapi.

Kuhusu viingilio, sipendekezi vitu vya bure, kwani cha bure huhudhuriwa mara moja. Mwenyeji alipe shilingi 3,000, mwanafunzi 1,000, mgeni 25,000. Busara wanatoza wenyeji bei ya chini miaka yote na hakuna mgeni aliyekufa. Mgeni apewe karatasi moja yenye kisa kwa ufupi, kwa Kiingereza na Kitaliano, basi. Tusiigize kwa Kiingereza kwa ajili yake. Anakwenda kusikiliza opera kwao kwa lugha asiyoielewa na analipa ghali zaidi. Mauzo ya mlangoni yagawanywe: sehemu ya jengo, sehemu ya mafundi wa taa na sauti, na sehemu ya waigizaji, ilipwe usiku ule ule kabla hawajaondoka. Nasisitiza usiku ule ule.

Kibali nacho kina lake. Sipingi maandishi kusomwa kabla ya kuigizwa, tuna mila zetu na dini yetu, na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni lipo kisheria. Naomba tu kibali kiwe cha msimu mzima, maandishi yote yapelekwe kwa pamoja, na jibu litoke kwa maandishi ndani ya wiki mbili, likieleza kipi kibadilishwe. Muigizaji hawezi kujifunza maneno ambayo huenda yakakatwa usiku wa kuamkia onyesho.

Usafiri utaonekana jambo dogo ofisini. Kwa mama wa Bububu au Mwanakwerekwe ndiyo jambo lenyewe, kwani saa nne usiku gari za daladala zimeshaadimika, na taksi inakula kiingilio mara tatu. Gari mbili zikipangwa zisubiri nje ya Ngome, abiria walipe nauli yao ya kawaida, nusu ya hadhira mpya itapatikana hapo.

Wapo watakaokwambia kwamba kuwapandisha watoto wa kike jukwaani ni uhuni. Nimeshaambiwa, tena na watu ninaowaheshimu. Ninachowajibu ni kwamba Siti binti Saad, muimbaji wa taarab, mtoto wa Fumba, alisemwa vya kutosha kabla na baada ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, na leo jina lake tunalifundisha darasani kwa fahari. Wasichana wangu wanafanya mazoezi na buibui zao, milango wazi, na mzazi anayetaka kukaa anakaa. Mama mmoja alikuja kukagua, akabaki, sasa ndiye anayetushonea nguo za jukwaani na kutugombeza tukichelewa.

Naomba pia Pemba isiwe ya kuletewa makombo. Kila mchezo utakaofanya vizuri mjini uvuke, uigizwe Chake Chake na Wete, na angalau Jumamosi mbili kati ya zile kumi na tatu zitolewe kwa vikundi vya Pemba kuja Unguja, nauli ya boti ikiwa juu ya msimu na si juu yao. Nataka kuona kibati pale Ngome Kongwe, mbele ya watu waliolipa kukiona chenyewe, bila ya kukatwa kiwe cha dakika tano za ufunguzi wa sherehe ya kitu chengine.

Sinema zetu sizitaji sana. Empire imegeuka duka, na Majestic ya Vuga kila nikipita naitazama na kuendelea na safari. Kulifufua jengo kunataka fedha na miaka. Jumamosi kumi na tatu zinataka barua moja yenye muhuri wako, yenye tarehe ndani yake.

Barua hiyo ikitoka kabla ya mwisho wa Machi, vikundi vitafanya mazoezi masika yote, ndani, mvua ikinyesha, na maandishi yatafika Baraza mwanzoni mwa Aprili. Kichekesho chetu kiko tayari. Ni kile kile cha mume wa karafuu, safari hii kikiwa na vitendo vitatu, na bibi wa safu ya mbele tumeshamuomba aje.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Mjini, Unguja.