Kwa mwanangu, kuhusu daftari la Korogwe

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kasulu. Mama yako na wadogo zako hawajambo. Ujumbe wako kwamba katika daftari la mahudhurio la shamba la mkonge umemkuta mtu aitwaye Juma Kasulu, unayedhani ndiye babu yangu aliyekwenda kazini Tanga asirudi, na kwamba Jumamosi unakwenda Muheza kuonana na wajukuu zake, umeninyima usingizi. Nakuomba usiende kwanza.

Siidharau kazi yako. Katika ukoo huu hakuna aliyewahi kuvumilia vumbi la madaftari kwa ajili ya marehemu, na wazee walipokusifu mbele yangu ilinibidi nijikaze nisitabasamu. Lakini una haraka, nayo umekuwa nayo tangu utotoni. Karani wa shamba aliandika alivyosikia: kijana wa Kiha mwenye jina la nyumbani lililomshinda kulitamka aliweza kugeuka Juma au Paulo, na wilaya alikotoka ikawa jina la baba yake. Tangu SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944, ianze kuandikisha manamba, yaani vibarua wa mkataba, huku kwetu, akina Juma Kasulu waliopelekwa Tanga hawakuwa mmoja wala kumi. Wengine huenda walikuwa Warundi waliovuka mpaka, na wengine walifanya kazi kwa kipande, ile kadi ya kazi yenye namba, cha mwenzao aliyekwisha kurudi.

Kwa hiyo shika namba ya kipande, si jina. Kile kipande cha babu yangu ambacho mwenzake alimletea bibi, na ambacho hadi leo kimo katika kopo la majani ya chai, kina vyumba 30, kimoja kwa kila siku ya kazi iliyotimia. Vyumba 28 vimechorwa kwa kalamu ya zambarau, viwili ni vitupu. Mshahara ulilipwa kipande kikijaa. Ukoo mzima ulimsema bibi kwamba mumewe ametoroka na kuoa pwani, lakini niambie, nani hutoroka akibakiza siku mbili alipwe? Mimi naamini aliugua au alifia kazini, na huyo wa Muheza aliyezeeka akaacha wajukuu ni mtu mwingine. Tafuta kwanza habari za zahanati ya shamba na za waliofariki. Nilipokuwa kijana basi liliwahi kunipitisha Korogwe, nami sikushuka. Basi, tuyaache hayo.

Tena fikiria watakavyokupokea. Kule kuna mashamba ya mkonge yaliyogawiwa wanavijiji, na mgeni anayebisha hodi akiwa na jina la babu mkononi ataonekana amefuata ardhi, hata ukiapa. Ukiwaita ndugu leo na namba ikakukana kesho, utakuwa umewaumiza watu wasiokukosea, na aibu itakuwa yetu sote. Usiende, mwanangu.

Nenda Nyaraka za Taifa, pale Upanga, Dar es Salaam. Usitafute jina la mfanyakazi, kwa sababu mafaili ya serikali mara nyingi yanahesabu manamba bila kuwataja. Tafuta jina la shamba, kisha wamiliki wake mmoja baada ya mwingine. Mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa kama mali ya adui baada ya vita vya kwanza, mengine yakachukuliwa tena vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, na mwaka 1967 Azimio la Arusha likayafikia mengi, hivyo shamba lile lile linaweza kuwa na faili tatu kwa majina matatu. Uliza pia orodha za kambi za njiani. Reli ya Kati na ile ya Tanga ziliunganishwa mwaka 1963 tu, kwa hiyo watu wa Kigoma walishushwa kwenye treni wakamalizia safari kwa lori, na huko njiani nako walihesabiwa.

Pesa ulizotuma zimenunua bati za jikoni, ila misumari haikutosha na mvua imekaribia. Ada ya mdogo wako nitaitafuta mwenyewe. Yeye ndiye atakayekupigia picha ya kipande Jumapili akitoka kanisani, kwa kuwa simu yangu haioni vizuri. Tarakimu ya mwisho imeliwa na mchwa, basi linganisha namba zote kumi zinazowezekana. Nauli ya Muheza iongezee kidogo uende nayo Upanga.

Ni mimi baba yako.